Ukumbi wa Picha ni Baraza la Wananchi

Mwananchi wa mikoa ya Kusini akitaka kuziona kazi za wachoraji na wachongaji waliozaliwa katika ardhi yake mwenyewe, aghalabu hana budi kufunga safari. Edward Saidi Tingatinga, ambaye jina lake limekuwa jina la aina nzima ya uchoraji, alizaliwa Tunduru mwaka 1932. George Lilanga, ambaye kazi zake zimetundikwa katika kumbi za Ulaya, Marekani na Japani, alizaliwa wilayani Masasi mwaka 1934. Vinyago vya mpingo vya Wamakonde vimeenea duniani kote. Lakini mtoto wa Newala au wa Nachingwea aweza kumaliza kidato cha nne bila kusimama hata mara moja mbele ya kazi mojawapo kati ya hizo. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Na sisi tumewathibitishia kuwa hawakukosea.

Hata hivyo, makala haya hayakukusudiwa kuombolezea vitu vilivyosafiri. Biashara ni halali, na msanii naye ana watoto wa kulisha. Swali tunalotaka kuliweka mbele ya wasomaji, na hasa mbele ya viongozi wenzetu wa Chama na Serikali katika ngazi za kijiji, kata na wilaya, ni hili: mahali pa kutundikia picha ni mahali pa kazi gani? Wapo wanaojibu kwamba ni duka. Wapo wanaojibu kwamba ni ghala la kumbukumbu. Sisi tunasema kwamba, pamoja na hayo mawili, ni baraza. Na pale jamii inapolikosa baraza hilo, au inapolipata kisha viongozi wakaliziba mdomo, hasara haiwafikii wasanii peke yao.

Chini ya mbuyu

Tingatinga alianza kuchora mnamo mwaka 1968, baada ya miaka mingi ya kazi za kibarua Dar es Salaam. Alitumia rangi ya baiskeli na vipande vya ubao wa dari, kwa sababu hivyo ndivyo vilivyopatikana kwa bei ya mtu wa kima cha chini. Hakuwa na ukumbi. Ukumbi wake ulikuwa kivuli cha mbuyu karibu na duka la Morogoro Stores, Oysterbay, mtaa uliokaliwa na wageni wengi. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akiwa hajatimiza hata miaka mitano ya uchoraji. Jamaa na wanafunzi wake waliishika kazi, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika ambacho kimezilisha familia nyingi.

Hapana shaka kwamba hayo ni mafanikio ya kujivunia. Lakini tuyatazame kwa insafu. Mchoraji anayechorea sokoni hujifunza upesi kile anachokitaka mnunuzi. Wapo wanafunzi wa Tingatinga waliochora hospitali zetu, harusi zetu na masoko yetu; lakini mgeni aliyekuja kwa wiki mbili alimtaka chui na twiga, na chui na twiga akauziwa. Si kosa la mchoraji. Kosa ni la jamii iliyomwachia mgeni peke yake kazi ya kumtazama mchoraji wetu na kumwambia achore nini.

Mwaka ule ule wa 1972, kwa juhudi za Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll pamoja na wasanii vijana, ilianzishwa Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, ambayo mwaka 1983 ilipata jengo lake mashuhuri. Lilanga aliingia katika Nyumba hiyo kwanza kama mlinzi. Baadaye akawa mmoja wa wasanii wake wakubwa. Mashetani wake wenye masikio mapana na midomo mikubwa hutwanga, hucheza ngoma, hugombana na kupatana. Na ukiwaangalia kwa makini utatambua kwamba si mashetani hata kidogo, bali ni majirani zako, na pengine ni wewe mwenyewe. Mlinzi huyo asingeyatoa hayo laiti asingalipata mahali pa kufanyia kazi pamoja na wenzake, akiona yao na wao wakiona yake. Leo wasanii hawako tena katika nyumba ile. Kupotea kwa mahali ni jambo jepesi. Kukipata tena kizazi kilichokuwa kikikutana hapo ni jambo zito.

Jirani zetu wa Nairobi nao wana funzo kwetu, na tena limepelekwa huko na Mtanzania. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alianzisha pamoja na wenzake ukumbi wa Paa ya Paa mwaka 1965. Jina hilo ni mchezo wa Kiswahili: paa, mnyama wa porini, anapaa kwenda juu. Ukumbi huo haukuwa wa picha pekee. Mashairi yalisomwa humo, michezo ya kuigiza ilifanywa, na watu walibishana hadi usiku. Njau aliwakataza wanafunzi wake kuigiza kazi za wengine, akiamini kwamba anayenakili huilaza usingizi ile karama aliyopewa na Mungu. Mwaka 1997 moto uliteketeza jengo na kazi nyingi zilizokuwamo. Yeye na mkewe Philda walianza upya. Ukumbi ambao watu wake huanza upya baada ya moto haukuwa duka; duka likiungua, mwenye mali huhesabu hasara na kufunga hesabu.

Mfano wa Gaborone

Lakini mfano ulio mkubwa kuliko yote, ambao vijana wetu wengi hawakuwahi kusimuliwa, ni wa Botswana. Unatuhusu Watanzania, kwa sababu nchi yetu ilikuwa miongoni mwa Nchi zilizo Mstari wa Mbele, na kwa sababu baadhi ya waliohusika walipita mikononi mwetu. Mshairi Keorapetse Kgositsile, mpigania uhuru wa Afrika Kusini, aliingia Dar es Salaam mwaka 1975 na kufundisha katika Chuo Kikuu chetu, miaka michache kabla ya vijana wa nchi yake kufunguliwa shule ya Mazimbu, Morogoro. Baadaye alikwenda Gaborone na kujiunga na wenzake katika kikundi kilichoitwa Medu.

Medu, maana yake mizizi, kilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na wasanii waliokimbia utawala wa makaburu, pamoja na wenyeji wa Botswana na marafiki wa nchi nyingine. Walikuwamo washairi kama Mongane Wally Serote, wanamuziki kama Hugh Masekela na Jonas Gwangwa, na wachoraji kama Thami Mnyele na Judy Seidman. Hawakupenda kuitwa wasanii. Walijiita wafanyakazi wa utamaduni. Kwao kalamu na brashi vilikuwa nyenzo za kazi kama lilivyo jembe, na mwenye kushika nyenzo hizo hakustahili kutukuzwa wala kudharauliwa kuliko mkulima. Walichapa mabango kwa kupitisha wino katika kitambaa kilichokazwa juu ya fremu, kazi inayoweza kufanywa katika chumba kimoja kwa vifaa vichache. Mabango hayo yalipigwa marufuku Afrika Kusini, lakini yalivushwa mpaka kwa siri na kubandikwa kutani.

Mwezi Julai 1982, Medu waliandaa mjini Gaborone tamasha na mkutano juu ya utamaduni na mapambano. Katika Jumba la Taifa la Makumbusho na Sanaa yakafanyika maonyesho ya picha za wasanii kutoka Afrika Kusini, yaliyobeba jina lenye maana ya sanaa kwa ajili ya maendeleo ya jamii. Tuizingatie hali ya wakati ule. Ndani ya Afrika Kusini, mtu mweusi na mtu mweupe hawakuweza kukaa katika chumba kimoja na kuzungumza kwa usawa bila kuvunja desturi au sheria. Katika ukumbi wa Gaborone walikaa. Waliovuka mpaka walisimama mbele ya picha zile zile pamoja na wale walioko uhamishoni, wakaulizana: picha hii inamsemea nani, na sisi tukirudi nyumbani tutafanya nini? Wengi wao waliporudi waliunda vikundi vya sanaa mijini mwao, na mabango yakaanza kuchapwa ndani ya nchi yenyewe.

Makaburu walielewa vizuri uzito wa jambo hilo. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Juni 1985 askari wao walivuka mpaka, wakashambulia nyumba kadhaa za Gaborone na kuua watu 12, akiwamo mtoto mdogo. Miongoni mwa waliouawa ni Thami Mnyele, aliyekuwa na umri wa miaka 36. Walichukua mkoba wa picha zake, kisha wakazionyesha katika televisheni yao kana kwamba ni ushahidi wa silaha. Medu kikavunjika. Mwaka 2004 mabaki ya Mnyele yalirudishwa na kuzikwa katika nchi yake iliyokwisha kuwa huru, na miaka minne baadaye kazi zake na za wenzake zikatundikwa katika ukumbi wa sanaa wa jiji la Johannesburg, mji ambao ndani yake zamani zilikuwa haramu.

Twajifunza nini? Kwanza, kwamba ukumbi wa picha ukiambatana na mazungumzo huzaa matendo. Picha bila mazungumzo ni pambo. Pili, kwamba dhalimu huiogopa picha. Na hapa ndipo funzo la tatu linapotuelekea sisi wenyewe. Ikiwa kaburu, aliyetawala bila ridhaa ya watu, alikuwa na sababu ya kuiogopa picha, kiongozi aliyechaguliwa na wananchi, anayekula kiapo cha kuwatumikia, ana sababu gani?

Picha iliyogeuzwa

Chama chetu kimefundishwa desturi ya kujikosoa na kukosoana. Kwa hiyo nitatoa mfano ambao mkosaji wake ni mimi mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa katibu wa Chama katika kata moja ya mkoa huu, vijana na walimu waliomba kutumia ghala la korosho la chama cha msingi, ambalo lilikuwa tupu baada ya msimu, wafanye maonyesho ya siku tatu. Niliwaunga mkono kwa dhati. Wazee walileta vinyago na barakoa za mapiko. Kina mama walileta mikeka, vyungu na kanga zilizopangwa kwa majina yake. Wanafunzi walileta picha zilizochorwa juu ya magunia na vipande vya ubao wa dari. Ghala lilisafishwa, kuta zikapakwa chokaa, na mgeni rasmi akaalikwa kutoka wilayani.

Asubuhi ya ufunguzi nilipita kukagua. Nikasimama mbele ya picha ya binti wa kidato cha tatu. Katikati yake palikuwa na jiwe la msingi, jeupe, linalong'aa, limevikwa mashada ya maua, na juu yake yameandikwa maneno kwamba limewekwa, na chini yake tena kwamba limewekwa, na chini yake tena kwamba limewekwa. Pembeni, dogo kama kidole, palikuwa na bomba la maji lenye utando wa buibui. Ndoo zilipanga foleni kutoka bombani hadi nje ya ubao. Hapakuwa na jina la mtu. Hapakuwa na tusi. Lakini kila mkazi wa kata ile alilijua bomba lile, na alijua limezinduliwa mara ngapi.

Nilimwita mwalimu nikamwambia kwamba picha ile ni nzuri, ila wakati wake si huu. Nikaamuru igeuzwe, uso uelekee ukutani.

Msomaji aweza kukisia kilichofuata. Katika ghala zima lenye kazi zaidi ya mia, kila aliyeingia alikwenda kwanza kutazama mgongo wa ubao mmoja. Mzee mmoja mchongaji, ambaye mikono yake imeshika mpingo tangu kabla sijazaliwa, alinisogelea polepole.

"Katibu, mwanangu," akaniambia, "picha umeigeuza. Na bomba je, utaligeuzia wapi?"

Sikuwa na jibu. Mgeni rasmi alipofika naye aliuliza kulikoni ubao ule, na alipoelezwa akaagiza ugeuzwe. Akamwita binti aliyechora. Binti akaamkia, akaeleza kwa sauti ndogo kwamba yeye huamka saa kumi za usiku kwenda kisimani, kisha huchelewa shuleni na kuadhibiwa, na kwamba alitaka mwalimu wake ajue sababu. Ni hayo tu. Hakuwa na habari ya kumpinga mtu yeyote. Lakini maneno yake yalifungua maneno mengine. Mama mmoja akauliza zimekwenda wapi fedha za mafuta ya pampu zilizochangwa kila kaya. Mjumbe wa kamati ya maji akajibu kwamba hesabu zipo. Akaulizwa mbona hazisomwi. Ikaamuliwa pale pale kwamba zitasomwa katika mkutano mkuu wa kijiji, na kweli zilisomwa, jambo ambalo halikuwa limefanyika kwa muda mrefu. Kamati ikabadilishwa. Baada ya miezi kadhaa, kwa michango ya wananchi na msaada wa halmashauri, maji yakatoka.

Sitaki kusema kwamba picha ilileta maji. Maji yaliletwa na fundi, na mafuta, na hesabu safi. Lakini hesabu zilisomwa kwa sababu watu walikuwa wamesimama pamoja mahali pamoja, wakitazama kitu kimoja, na kwa mara ya kwanza manung'uniko ya kisimani yakawa ajenda ya mkutano. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilikuwa nimetaka kuuficha ufa kwa kuugeuzia ukutani.

Hoja za wanaopinga

Wapo wenzetu watakaosema kwamba mambo haya ni kuwapa nafasi wapinzani. Ndugu hawa wakumbuke kwamba Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea waziwazi ubwana na majivuno ya viongozi, na kwamba mwanachama huahidi kusema kweli daima. Isitoshe, kukosoa kwa njia ya sanaa hakukuletwa na mtu wa nje. Katika ngoma ya mapiko wazee wetu walimchonga mkoloni, na pua yake, na kofia yake, wakamchezesha uwanjani kijiji kizima kikacheka; na walipokuwa wakicheka walikuwa wakihukumu. Mwanamke wa pwani hajapata kuomba kibali cha mtu ili kumwambia jirani yake ukweli kwa kanga. Malya, wilayani Kwimba, katika miaka ya 1982 na 1983, Penina Muhando, Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikaa na wanakijiji wakatunga nao michezo na ngoma juu ya matatizo ya kijiji hicho, yakiwamo ya vijana wasio na kazi na wasichana wanaokatizwa masomo kwa mimba. Huo ulikuwa wakati wa chama kimoja. Kama kukosoana kulivumilika wakati ule, itakuwa ajabu kusivumilike leo.

Sisi wa mkoa huu tuna sababu ya ziada ya kulifikiri jambo hili. Mwezi Januari na mwezi Mei 2013 ghasia zilizuka kwetu juu ya bomba la kusafirisha gesi. Watu walikufa, mali na ofisi zikachomwa moto. Sidai kwamba maonyesho ya picha yangaliyazuia hayo. Mambo yale yalikuwa na mizizi mirefu. Lakini nasema kwamba mtu asiyekuwa na mahali pa kuweka neno lake hadharani kwa utulivu, siku moja huliweka kwa jiwe. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Wapo watakaosema kwamba sanaa ni anasa, na kwamba tunahitaji kwanza zahanati na madawati. Twawajibu kwamba ghala lile halikugharimu Serikali hata senti moja. Chokaa ilichangwa, na ubao wa dari ulikuwa mabaki ya ujenzi. Mwalimu Nyerere, alipoanzisha Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwezi Desemba 1962, nchi ilikuwa maskini kuliko ilivyo sasa. Naye aliona kwamba taifa lisilo na utamaduni wake ni kundi la watu wasio na roho ya kuwaunganisha.

Tena wapo wazazi wachamungu wanaochelea sanamu na taswira za viumbe. Hoja yao inastahili heshima. Mimi nami nilianza kusoma chuoni, ubao mapajani, na wa kwanza kunifundisha uzuri wa mstari ni maalimu aliyetusahihishia herufi za Kiarabu, akitutaka kila alifu isimame wima kama mnazi. Huo nao ni uchoraji. Ukumbi wa jamii hauna haja ya kumlazimisha mtu kuchonga sura. Una nafasi ya khati, ya nakshi za milango, ya mkeka na kofia iliyodariziwa. Mtoto wa chuoni aweza kutundika ubao wake kando ya lipiko la mzee wa Kimakonde, na wote wawili wasivunjiwe heshima.

Nini kifanyike

Tusiishie katika kulaumu. Kwanza, kila kata iteue jengo lililopo, liwe ghala, darasa au ukumbi wa kijiji, litakalofunguliwa kwa maonyesho angalau mara moja kila mwaka baada ya mavuno. Hatuhitaji jiwe la msingi kwa ajili hiyo. Mawe ya namna hiyo tunayo ya kutosha.

Pili, kazi zichaguliwe na kamati ya wasanii, walimu na wazee, chini ya uangalizi wa Afisa Utamaduni wa Wilaya. Kamati ikatae tusi, ikatae kumdhalilisha mtu na imani ya mtu, ikatae kazi iliyonakiliwa. Lakini isikatae kazi kwa sababu inamchoma kiongozi. Na kazi ikishatundikwa, mtu yeyote asiwe na mamlaka ya kuigeuza, awe katibu wa kata au mkubwa kuliko huyo.

Tatu, kila siku ya maonyesho iwe na saa ya mazungumzo. Msanii aeleze, wananchi waulize, na viongozi wa eneo wawepo wakisikiliza. Yatakayoamuliwa yaandikwe na kupelekwa katika mkutano mkuu wa kijiji, na maonyesho ya mwaka unaofuata yaanze kwa kuelezwa yapi yametekelezwa na yapi bado.

Nne, vikundi vya wasanii vifikiriwe katika ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mchongaji na mfuma mikeka ni wazalishaji kama fundi seremala na mfuga kuku. Wauze kazi zao, na wageni waje wanunue. Lakini mnunuzi wa kwanza wa macho awe mwananchi.

Hatimaye, tuwaombe viongozi wenzetu wazowee jambo moja gumu, nalo ni kusimama mbele ya kazi inayowauma na kunyamaza kidogo. Tumezowea kwaya na ngonjera za kutusifu. Zina mahali pake, nazo zilifanya kazi kubwa ya kueneza siasa ya nchi baada ya mwaka 1967. Lakini kiongozi anayesifiwa tu ni kama mgonjwa anayeambiwa na mganga kila siku kwamba amenenepa.

Nilipita katika kata ile hivi karibuni. Bomba linatoa maji. Ghala limejaa magunia, kama ipasavyo katika msimu. Lakini niliambiwa kwamba tangu maonyesho yale hayajafanyika mengine. Nilihamishwa, walimu wale nao wakahamishwa, na hakuna aliyeona ni wajibu wake. Yule binti amekuwa mama, anauza vitumbua karibu na stendi. Nilimwuliza kama bado anachora. Akanijibu kwa adabu kwamba hana pa kupeleka.

Jibu hilo si lake peke yake, wala halitufai sisi kulisikia kisha tukaendelea na safari. Picha ile bado ipo; mwalimu mmoja aliihifadhi stoo ya shule, nyuma ya madawati mabovu. Nilipoitoa ilikuwa imeegemezwa tena uso ukutani. Safari hii hakuna aliyeigeuza kwa amri. Imegeuzwa na usahaulifu wetu, na kwa kuwa nilikuwa wa kwanza kuigeuza, nimeona ni wajibu wangu kuwa wa kwanza kuomba itundikwe.